Kujaribu darktable kwa picha za harusi

Ndugu yangu, umeuliza kama darktable, programu ya kuhariri picha, yafaa kwa harusi za hapa Mombasa kabla hujaacha programu ya kulipia. Yafaa, tena ni bure, lakini usianze na kazi ya mteja. Chukua picha zako za Mji wa Kale, zile za kuta nyeupe na jua la saa saba, ujaribu kutuliza mwanga pale. Ndipo utakapoijua.

Faili ya RAW, yaani picha ghafi ya kamera, haiguswi. Marekebisho huandikwa kwenye kifaili kidogo cha maandishi, cha XMP, kando yake. Ukihamia kompyuta nyingine, beba na vifaili hivyo! Mimi niliviacha kwenye mashine niliyoifuta, nikarudia harusi nzima.

Kuchambua picha ni rahisi: bonyeza 1 hadi 5 kutoa nyota, R kukataa.