Ukimpa mwanafunzi uongozi wa mradi, mnyang'anye bisibisi

Makundi ya miradi yanapoundwa, uchaguzi huwa uleule. Vijana sita wanakaa kivulini, wanaulizana matokeo ya muhula uliopita, wanamchagua mwenye GPA kubwa, kikao kimekwisha. Aliyechaguliwa naye anafanya anachokiweza: anachora saketi, anaandika programu, anachomelea, na ripoti anaimalizia usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha. Wenzake wanachanga hela ya vifaa na kumletea chipsi mayai. Mradi unapata A. Lakini ukiwauliza mmoja mmoja kwa nini walichukua mota ile na si nyingine, wote wanamgeukia kiongozi.

Nafundisha uhandisi hapa Mwanza, na jambo hili linaniuma, kwa sababu vijana hawa wakitoka chuoni hawaendi kufanya kazi peke yao. Wanakwenda kwenye kazi kama lile daraja la Kigongo–Busisi, kilomita tatu juu ya maji, ambako hakuna mhandisi awezaye kubeba kila kitu kichwani, awe na akili kiasi gani. Kwa hiyo kwenye miradi ninayosimamia kuna sharti moja ambalo silegezi: kiongozi wa timu, kwa muda wote wa zamu yake, hashiki kifaa. Bisibisi, multimita, kompyuta ya kuandikia programu, vyote viko kwa wenzake. Zamu ni wiki tatu, kisha anaingia mwingine, hadi wote wapite.

Wanaolalamika zaidi ni wale hodari. "Mwalimu, sasa mimi nitafanya nini?" Swali hilo nalipenda, maana jibu lake ndilo somo lenyewe. Utajua tatizo ni la nani na mwenyewe analionaje. Utahakikisha kila mmoja ana kazi inayomtosha na anajua itaisha lini. Utalinda bajeti, hasa bumu, ile hela ya mkopo wa wanafunzi, likichelewa. Timu ikigawanyika utaamua, na uamuzi wako utauandika kwenye daftari pamoja na sababu zake.

Kundi moja lilitaka kutengeneza kikaushio cha dagaa cha sola. Kwa mji huu ni wazo la maana: mvua ikinyesha dagaa walioanikwa wanaharibika, na hasara inamwangukia mama aliyewanunua wabichi alfajiri. Mchoro ulikuwa tayari kabla hawajaongea na mtu yeyote: sanduku la bati lililopakwa rangi nyeusi, kioo juu, feni mbili. Kwa kuwa kiongozi wa zamu hakuwa na cha kushika, nilimtuma soko la samaki la Mwaloni Kirumba na wenzake wawili, nikamwambia asiufungue mchoro mpaka awe amemaliza kuuliza.

Walimkuta mama mmoja akigeuza dagaa kichanjani, wakamwamkia, wakaanza kumsaidia kugeuza. Kijana akauliza, "Mama, mvua ikikukuta bado wabichi, unafanyaje?"

"Nawafunika turubai, mwanangu. Ila chini ya turubai wanavunda. Ikinyesha siku mbili, hao si wa kula watu tena, nawapeleka kwa wenye chakula cha kuku, na bei wanapanga wao."

Ndipo akaufungua mchoro. Mama akautazama vizuri, kisha akauliza, "Humu zinaingia ndoo ngapi?" Ilikuwa inaingia kama nusu ndoo. Yeye asubuhi ile alikuwa amenunua kumi na mbili.

Kilichofuata ndicho ninachotamani kila mwalimu wa uhandisi akione. Kijana yule angekuwa ndiye mchoraji, angeutetea mchoro wake, maana ni jasho lake. Lakini hakuwa na cha kutetea. Aliwakalisha wenzake akawauliza: tunahangaika na kukausha, au tunahangaika na kuvunda chini ya turubai? Mabishano yalikuwa makali, na aliyechora alinuna siku nzima. Mwisho wakaliacha sanduku, wakatengeneza paa la kukunja linalokaa juu ya kichanja kilekile, likiacha nafasi ya hewa, na feni ndogo ya betri inayosukuma upepo chini yake. Ukikiona kifaa hicho hakikushtui. Lakini mama anaendelea na kazi yake kama alivyoizoea, na kwangu huo ni ubunifu mkubwa kuliko sanduku lenye kioo.

Sasa kuna suala la wale wasioongea. Kundi hilohilo lilipanga kujaribu kifaa, wakakodi bajaji, wakabeba betri mpaka mwaloni, wakakuta vichanja vitupu. Ilikuwa mbalamwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa kuvutwa na taa, na mwezi ukiwaka taa hazifui dafu, kwa hiyo wavuvi wengi hupumzika. Mmoja wao, mzaliwa wa Ukerewe, alikuwa analijua hilo tangu utotoni. Nilipomuuliza kwa nini hakusema, alijibu, "Nilidhani wakubwa wameshaangalia."

Tangu hapo, kabla ya uamuzi wowote mkubwa kila mwanatimu anaandika kwenye karatasi jambo moja linalomtia wasiwasi. Kiongozi anazisoma zote kwa sauti, na yake anaisoma ya mwisho. Inachukua dakika kumi. Wanaoona ni kupoteza muda nawasimulia chombo cha anga cha Challenger. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Januari 1986, wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi zake za pembeni walisema kisirushwe, kwa kuwa baridi ingeyafanya mapete ya mpira ya kuzibia yakakamae. Wakubwa wao wakalipuuza onyo lao. Asubuhi chombo kilidumu sekunde 73 angani, na watu saba wakafa. Kwa watoto waliokulia kando ya ziwa hili, wanaoijua habari ya meli ya MV Bukoba iliyozama humu, kutoka kwa wazazi wao, sihitaji kueleza zaidi kwa nini onyo la mdogo lazima lifike juu.

Yote haya hayana nguvu kama alama haziyafuati. Mwanafunzi anasoma kinachosahihishwa, basi. Chuo Kikuu cha Aalborg, Denmark, ambacho tangu kilipoanzishwa mwaka 1974 kimejenga masomo yake juu ya miradi ya makundi, huwataka wanafunzi wachambue pia namna walivyofanya kazi pamoja, mbali na kifaa walichotengeneza. Mimi natoa alama 30 kati ya 100 kwa daftari la maamuzi, na namhoji kila mmoja peke yake juu ya uamuzi ambao si wake. Asipoweza kuueleza, alama zinapungua kwa aliyekuwa kiongozi wakati huo pia.

Na tafadhali, wafundisheni kuwaheshimu mafundi. Mchomeleaji wa Igogo akikuambia bomba hilo litapinda, kaa chini umsikilize.

Mwalimu mwenzangu ukitaka kuanza, anza na kundi moja. Kiongozi wa kwanza akivurunda, usimwondoe kabla zamu haijaisha. Kaa naye pembeni, muulize nani hajapewa kazi na nani hajaulizwa, kisha mwache arudi kwa wenzake. Siku ya kupokezana, anayetoka akabidhi mbele ya timu nzima: daftari, risiti, hela iliyobaki, na orodha ya mambo ambayo hayajaamuliwa. Anayeingia ahesabu hela, asome ukurasa wa mwisho kwa sauti, aulize asichokielewa. Halafu akabidhi bisibisi yake.