Kosta ya ofisi ilipoondoka msibani

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 51, ni mkurugenzi katika taasisi ya umma, Dodoma. Nyumba nimejenga, watoto wako chuo, mke wangu ana biashara yake. Wiki tatu zilizopita nilifiwa na mama. Watu walijaa, lakini karibu wote walikuja na kosta ya ofisi. Ilipoondoka, nilibaki na wajomba tu. Rafiki yangu wa tangu sekondari ana gereji mjini. Hatujaongea miaka saba, na msiba sikumwambia. Nafikiria kugombea ubunge au kuanzisha kituo cha yatima, maisha yapate maana. Unanishaurije?*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Mama umempa sentensi moja, cheo ukakitanguliza. Hilo nimeliona.

Ubunge tuumalize mapema. Kama kuna jambo unataka kuwafanyia watu wa jimbo lako, gombea. Kama unautaka ili simu iendelee kuita, hiyo ni kosta nyingine, kubwa zaidi tu. Na kituo cha yatima vivyo hivyo: utakaa meza kuu, utapigiwa makofi, jioni utarudi kukaa peke yako sebuleni.

Kustaafu kwa hiari ni miaka 55, kwa lazima 60, kwa hiyo hauko mbali. Mimi nilikuwa muuguzi. Nilipostaafu, wiki ya kwanza simu iliita, wakiuliza funguo za kabati la dawa ziko wapi. Wiki ya pili, kimya. Waliokuja kunijulia hali ni wanawake wanne wa kikoba chetu, ambao kwa miaka nilikuwa nawatumia hisa kwa simu, pamoja na faini ya kutohudhuria. Faini! Nalipa, najiona nimemaliza. Mmoja akaniambia, "Pesa yako tunaijua, sura ndiyo tumeisahau." Iliniuma, maana alisema akiwa ananimenyea viazi jikoni kwangu.

Nawe nakushuku hivyo hivyo. Harusi, unatuma laki mbili kwenye kundi la WhatsApp, unajibiwa "asante mheshimiwa". Msiba, unatuma rambirambi. Mchango unafika, mwenyewe hufiki. Watu hawajakukimbia, wamezoea tu kukuona kwenye ujumbe wa muamala.

Mkeo pia mwonyeshe barua hii. Umemtaja kama jirani mwenye shughuli zake, na huenda naye akiulizwa atakutaja hivyo hivyo.

Sasa huyu wa gereji. Usimpelekee zawadi, wala usitume dereva. Nenda mwenyewe Jumamosi, kaa kwenye benchi lake, suruali ichafuke. Akikuuliza kwa nini hukumwambia mama amefariki, mweleze ukweli kwamba uliona aibu. Anaweza kukununia, na miaka saba ni haki yake. Rudi Jumamosi inayofuata. Akikataa kabisa, utakuwa umejua, na bado mtaani kwako kuna maveterani wanaocheza mpira asubuhi wasiojali wewe ni mkurugenzi wa nini.

Ila usiende kutoa. Nenda kuomba. Nadhani ni miaka mingi hujamwomba mtu yeyote kitu, na rafiki asiyeombwa atajuaje kama bado ana nafasi kwako? Arobaini ya mama imebaki chini ya wiki tatu. Mwombe asimamie turubai na viti. Ofisini usitangaze.