Lisome shairi moja, tena kwa sauti

Ndugu yangu, unasema mchumba wako alikupa Kichomi, kitabu cha mashairi cha Euphrase Kezilahabi, ukakimaliza usiku mmoja bila kuambulia kitu, na sasa waona haya kumwambia. Mwambie tu. Kitabu hicho cha 1974 kilizusha ubishi hata kwa wataalamu, maana mtunzi alitupa vina na mizani, na masikio yetu yamezoea vina. Wewe ulikimbia mno. Shika shairi moja, lisome kwa sauti mara mbili. Mimi nilisomea ndani ya matatu iliyokwama Thika Road. Makanga alidhani naongea na simu! Mstari mfupi hukukata pumzi, na hapo ndipo unausikia wakati ukipita. Kisha muulize mwenzio alikunja ukurasa upi. Nakala niliyopewa mimi ilikuwa na doa la chai, na mazungumzo yangu na aliyenipa yalianzia hapo.