Ukirudia kusoma riwaya, mfuate tapeli wake

Kuna riwaya unazisoma mara moja zikakutosha, na kuna zile zinazokudai urudi. Kwangu mimi, The Lies of Locke Lamora ya Scott Lynch, iliyotoka mwaka 2006, ni ya kundi la pili. Nimeirudia majuzi, nikisoma kwenye taksi iliyokwama kwenye foleni ya Jinja Road, na nyumbani usiku. Nina ushauri kwa yeyote anayetaka kurudia riwaya ya kifantasia: safari ya pili usikimbizane na kisa, kisa unakijua. Shikamana na mhusika mmoja, hasa yule mjanja, umweke kando ya wajanja uliowaona kwenye filamu. (Nitataja mambo ya ndani ya kitabu. Kama hujakisoma na hupendi kusimuliwa, kasome kwanza.)

Locke ni tapeli wa Camorr, mji wa mifereji na minara ya kioo iliyoachwa na viumbe waliokuwako kabla ya binadamu. Amelelewa na Chains, anayekaa mlangoni pa hekalu akijifanya kasisi kipofu, huku nyuma ya pazia akifundisha watoto wizi wa hali ya juu. Locke na wenzake wanawaibia makabaila, watu ambao mkuu wa majambazi wa mji ameshakubaliana na wenye mamlaka kwamba hawaguswi.

Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video vya Kampala tuna picha ya mtu kama huyu kabla hata hatujafungua kitabu. VJ Jingo na wenzake, wale wanaotafsiri na kusimulia filamu, walitulea. Sauti ya VJ inapanda juu ya filamu kwa Kiluganda, inamtambulisha mjanja, inamsifu, na kabla dakika kumi hazijapita kibanda kizima kinajua stelingi ni nani na kwamba stelingi hafi. Kwa hiyo unapoanza kusoma, Locke anaingia kichwani akiwa amevaa sura ya mtu: George Clooney akiwa Danny Ocean kwenye Ocean's Eleven mwaka 2001, Johnny Depp akiwa Jack Sparrow kwenye Pirates of the Caribbean mwaka 2003, au Harrison Ford akiwa Han Solo kwenye Star Wars mwaka 1977.

Sasa jaribu hili. Soma polepole zile sehemu zinazoeleza sura ya Locke. Hana sura! Ni wa kimo cha kawaida, nywele za kawaida, uso ambao ukipishana nao sokoni hutaukumbuka. Mwandishi amefanya hivyo kwa makusudi, maana kazi ya Locke inahitaji uso unaosahaulika. Filamu inaishi kwa kinyume chake. Clooney anaingia chumbani, anatabasamu, na wizi umeshasamehewa kabla haujafanyika. Mvue Locke sura ya staa, na mara hiyohiyo utaanza kumpima kwa anayoyatenda.

Wa filamu aliye karibu naye zaidi, kwa maoni yangu, ni Henry Gondorff wa The Sting ya mwaka 1973, aliyeigizwa na Paul Newman. Kumbuka pale kwenye treni, anapoingia kwenye mchezo wa karata akijifanya mlevi, analikosea jina la Lonnegan, jambazi anayetaka kumtapeli, na kupenga kamasi kwenye tai. Newman alikuwa miongoni mwa wanaume wenye sura nzuri kuliko wote Hollywood, lakini hapo ameuzika uzuri wake ili kazi ifanyike. Locke hufanya vilevile anapojigeuza Lukas Fehrwight, mfanyabiashara wa pombe kutoka ugenini. Anavaa nguo nzito za sufu kwenye joto la Camorr, jasho linamtoka, na wenzake waliojifanya vibaka wanamkaba kichochoroni ili Don Salvara, kabaila wanayetaka kumwibia, apite na "kumwokoa". Hapo ndipo ninapompenda Locke kwa dhati. Anaumia kazini.

Lakini kuna ukurasa ambao hakuna filamu kati ya hizo iliyonisaidia kuuvuka, nao ni wa utotoni mwake. Locke, yatima mdogo sana, anataka kumkomoa mvulana mkubwa anayeitwa Veslin. Anapanga sarafu zionekane ni rushwa ambayo Veslin amepewa na askari. Mpango unafaulu kupita kiasi: Veslin anauawa, na rafiki yake Gregor pia. Safari ya kwanza unaupita ukurasa huo ukistaajabia akili ya mtoto. Safari ya pili unakaa na majina mawili. Chains naye anakaa nayo. Anamvisha Locke jino la papa shingoni na kumwambia kwamba ana deni kwa hao marehemu, na atalilipa.

Filamu zinaogopa deni la namna hiyo. Han Solo wa mwaka 1977 alimpiga Greedo, aliyekuja kumkamata, risasi chini ya meza, basi, yamekwisha. Filamu ilipotolewa upya mwaka 1997, George Lucas, aliyeitunga na kuiongoza, aliibadilisha ili Greedo ndiye atangulie kufyatua, Solo aonekane amejitetea. Mashabiki walikasirika, na mimi nipo upande wao. Ukimsafisha mjanja, unamnyang'anya hata ile heshima ya kubadilika, maana Solo anaporudi mwishoni kuwasaidia wenzake, uzito wa kurudi kwake unatokana na alikotoka. Hata Abunuwasi wetu tunamwachia mambo yake: jirani anaambiwa sufuria limezaa, anakubali, anaambiwa limekufa, anashindwa kukataa. Hakuna aliyewahi kumsafisha Abunuwasi.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu: chagua sura moja ya kitabu uisome ukiwa upande wa anayetapeliwa. Mimi nilichagua usiku ule Don Salvara anaporudi nyumbani na kumkuta mtu wa siri wa serikali akimsubiri. Mtu huyo anamwambia yule mfanyabiashara ni mwizi, lakini aendelee kumpa pesa ili akamatwe vizuri. Na mtu huyo ni Locke mwenyewe! Ni mbinu ya kupigiwa makofi. Ila shangazi yangu alinunua kiwanja Wakiso, na alipoanza kutia shaka alitembelewa na "afisa" mstaarabu mwenye faili mkononi, akamtuliza, akamhimiza amalizie malipo. Muuzaji na afisa walikuwa kitu kimoja. Nilisoma maneno ya Don Salvara nikisikia sauti ya shangazi: ile shukrani ya mtu anayedhani ameokolewa. Bado nampenda Locke. Nampenda nikiwa najua bei.

Baada ya hapo, badilisha waigizaji. Soma ukurasa uleule ukimpa Locke sauti ya Depp, halafu ya Newman, halafu ya yule mtu aliyemjia shangazi. Usome kwa sauti kama unaweza, hata kama watu wa nyumbani watauliza unaongea na nani. Utasikia sentensi zipi ni za kuchekesha kweli, na zipi zilikuwa zinabebwa na tabasamu la staa.

Kisa cha Locke kinaendelea, na kitabu cha pili, Red Seas Under Red Skies, kilitoka mwaka 2007. Lakini kama unamtafuta mjanja anayeweza kumshinda Locke, nenda hadi The Republic of Thieves cha mwaka 2013, ambako hatimaye Sabetha, anayetajwa tu kwenye kitabu cha kwanza, anajitokeza mwenyewe. Yeye bado sijampatia mwigizaji. Ukimpata, niandikie.