Maswali ya Wasomaji: Je, lupasi imepata tiba?

SWALI: Shikamoo mama. Mdogo wangu wa kike ana lupasi, na sasa daktari anasema hata figo zimeguswa. Ametumiwa habari kwenye simu kwamba Ujerumani wagonjwa wamechomwa sindano moja wakapona. Tangu hapo anasema vidonge vimemchosha, bora aache, aisubiri hiyo sindano. Ni kweli au porojo?
Kaka mtu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Si porojo, ila hiyo “sindano moja” imefupishwa mno. Lupasi ni ugonjwa ambao kinga ya mwili hugeuka na kuushambulia mwili wenyewe.

Nilipokuwa maabara nilipima damu nyingi za wagonjwa wa aina hii. Ukichungulia kwenye darubini unaona viini vya seli vinawaka kijani, kwa sababu kingamwili za mgonjwa (protini za kinga ya mwili) zimevigandia. (Wapo wazima ambao vipimo vyao huwaka pia, kipimo hicho peke yake hakimpi mtu ugonjwa.) Kingamwili hizo chanzo chake ni seli B, aina ya seli nyeupe za damu, na seli hizo ndizo alizozilenga daktari Profesa Georg Schett na wenzake kule Erlangen, Ujerumani.

Mgonjwa hutolewa damu, mashine ikachuja seli T zake, yaani seli nyeupe zinazoweza kuua seli nyingine. Maabara huzitia jeni mpya ili ziitambue alama ya CD19 iliyo juu ya seli B, kisha huzikuza. Kabla ya kurudishiwa, mgonjwa hupewa tibakemikali. Ndipo ije sindano.

Mwaka 2021 waliripoti habari za binti wa miaka 20 aliyetibiwa hivyo. Mwaka 2024 wakaripoti wagonjwa 15, wanane wakiwa wa lupasi. Wote wanane ugonjwa ulitulia, wakaacha dawa za kupunguza kinga. Linalonishangaza mimi ni hili: baada ya miezi kadhaa seli B zilirudi, lakini zilirudi changa, hazijajifunza ule ugomvi wa zamani. Na kinga ya chanjo za utotoni kwa sehemu kubwa ilibaki, maana seli kongwe zinazoitengeneza nyingi hazina CD19.

Sasa upande wa pili. Watu 15 ni wachache. Hao walikuwa wale ambao dawa za kawaida zilishindwa. Wengi walipata homa baada ya sindano, na mwaka 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza tiba za namna hii, zinazotumika kwa saratani, ziwekewe onyo kwamba seli T zenyewe zinaweza kugeuka saratani.

Kwa hiyo asiache vidonge. Figo huharibika bila kuuma. Na kama anameza prednisoloni, dawa inayofanya kazi kama homoni ya mwili, kuikatisha ghafla ni hatari nyingine kabisa, kwani tezi zinazotengeneza homoni hiyo mwilini zimeshazoea kulala.

Muulize ni kidonge kipi hasa kinachomchosha, na kinamfanya nini. Mara nyingi daktari anaweza kupunguza dozi au kubadilisha dawa, lakini hawezi kama haambiwi. Siku hiyo hiyo apimwe protini kwenye mkojo, na kama anatumia haidroksiklorokwini, dawa ya lupasi inayoweza kudhuru macho, aulizie lini atapimwa macho.