Mama kuponyokwa na mkojo: yoga itamfaa?

Mdogo wangu wa Ngamiani, swali lako limenigusa. Mama ana miaka 68, akikohoa au akicheka mkojo unamponyoka, hata harusini haendi tena, na umesikia yoga inatibu.

Inasaidia, ila si muujiza. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2024 uliwafuata wanawake 240 wa miaka 45 hadi 90 kwa wiki 12. Waliofanya yoga walipata nafuu kubwa. Waliofanya mazoezi ya kawaida ya kunyoosha na kuimarisha viungo nao pia, karibu sawasawa. Basi kama mama halitaki hilo neno yoga (wazee wetu wengi hulitilia shaka), usimlazimishe.

Mtandikie mkeka. Alale chali, akunje magoti, akaze misuli ile ya kuzuia mkojo na upepo, ahesabu hadi 5 huku anapumua, kisha alegeze kabisa. Mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Asijizoeze chooni kwa kukatakata mkojo. Akizoea, ainue kiuno taratibu huku amekaza. Ampe mwili miezi miwili mitatu.

Maji asiache kunywa, na joto hili la Tanga! Chai ya rangi ndiyo apunguze.

Lakini kwanza mpeleke hospitali ya Bombo apimwe mkojo na sukari, aonyeshe na dawa za presha anazomeza, maana nyingine huongeza mkojo. Akiona damu au mkojo ukimchoma, msingoje.

Na uongee naye mkiwa wawili tu, wajukuu wasisikie.