Mtemi Akishindwa, Tumaini Likae Wapi?

SWALI: Klabu yetu ya maigizo inacheza kisa cha Mtemi Isike wa Unyanyembe, utawala wa Wanyamwezi hapa Tabora. Tunamalizia Januari 1893: Wajerumani wameingia bomani, mtemi anawasha ghala la baruti. Tulipoonyesha mara ya kwanza, mlipuko ulichekwa. Tukaongeza hotuba ya mzee anayetabiri uhuru, watu wakaanza kuinuka na kuondoka. Tutaletaje tumaini bila kupotosha historia?
Mwalimu wa klabu, Tabora

JIBU: Mwalimu, hotuba hiyo ifuteni yote. Kasoro yake si urefu. Mzee anasema maneno makubwa wakati mgogoro umekwisha, wala hapotezi kitu kwa kuyasema, ndiyo maana hayamgusi mtu. Jukwaani, tumaini huaminika pale mhusika anapoligharimia.

Ebrahim Hussein alilijua hilo. Katika Kinjeketile, mchezo wa mwaka 1969 kuhusu Vita vya Majimaji, maji ya dawa hayakuzuia risasi na Kinjeketile, aliyeyagawa, yuko mikononi mwa Wajerumani. Anatakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa, maana akikiri, watoto watakuja kuambiwa kuwa wazee wao walikosea kupigana. Kushindwa kumebaki palepale, hakuna aliyefufuka. Lakini kuna kitu ambacho adui hakukipata.

Basi mtafuteni mtu wa aina hiyo ndani ya kisa chenu, tena awe mdogo kuliko mtemi. Sisi tungemchukua mpagazi, maana Unyamwezi bila wapagazi si Unyamwezi. Onyesho la kwanza aingie na mzigo wa frasila 2, kama kilo 32, akijisifu kwamba hajawahi kuutua kabla ya kambi. Katikati ya mchezo apite tena, nusu dakika tu, watu wasimsahau. Boma likishaanguka, ofisa amwajiri kubeba ngoma ya ikulu hadi pwani, huku posho ikionekana mkononi mwake. Mpagazi anaiinua ngoma, anapiga hatua 3, anaitua. Asiseme neno. Akieleza sababu, mmerudi kwenye hotuba ya mzee.

Mizigo yote miwili iwe mizito kweli. Mchanga wa kilo 10 hadi 12 unatosha kuinamisha bega la mwanafunzi. Sanduku tupu watazamaji hulitambua kwa shingo ya mbebaji, na hapo kule kutua hakutakuwa na maana yoyote.

Sasa mlipuko. Mara nyingi hadhira hucheka kwa sababu sauti imechelewa kuliko taa, au kwa sababu waigizaji wanajirusha. Msitumie baruti, fataki wala unga wa kurusha hewani. Unga laini ukikutana na moto hulipuka kweli. Mtemi aingie nyuma ya pazia na taa ya betri mkononi. Huko mmoja apige ngoma kubwa pigo moja, mwingine atikise bati lililoning'inizwa kwa kamba, wote kwa hesabu ya mtu mmoja, yule yule anayezima taa za jukwaa. Kisha kimya cha sekunde 8. Waigizaji hukiogopa kimya, hukikata kwenye sekunde ya 3. Aliye pembeni ahesabu kwa vidole wamwone. Maiti hazihitajiki: katika mchezo wa Waajemi (472 KK), Aeschylus, mtunzi wa Ugiriki ya kale, alivileta vita vyote vya baharini vya Salamis jukwaani kwa kinywa cha tarishi.

Waonyesheni pia askari Waafrika waliopigana upande wa Wajerumani. Mkiwaficha, kushindwa kutaonekana kama mvua ya mawe, jambo lisilo na mwenyewe, na kukataa kwa mpagazi kutakosa uzito.

SWALI: Mchezo wetu ni wa mvuvi wa dagaa anayepoteza mtumbwi ziwani. Wazazi wanataka mjomba kutoka Dar es Salaam amletee mtumbwi mpya wa injini mwishoni. Tukubali?
Kiongozi wa kikundi, Kigoma

JIBU: Hapana. Mjomba ambaye hatujamwona tangu mwanzo ni bahati tu. Rudini onyesho la kwanza, mgombanisheni mvuvi na jirani yake juu ya nyavu. Mwishoni jirani asimpe mtumbwi. Ampe kibarua cha kushika taa kwenye mtumbwi wake yeye, usiku huo huo. Mvuvi asimame ufukweni dakika nzima, ndipo aingie.